Mbuzi na Mtoto Kwenye Silanga Moja

Katika nchi ya kaskazini mashariki, kuanzia Garissa hadi Wajir na Mandera, maji hayajui mpaka baina ya mtu na mnyama. Kiangazi kinapokaza, silanga moja huwanywesha mbuzi, ngamia, punda na mtoto aliyetumwa na jerikani yake. Mvua inapokuja baada ya kukawia, hufagia kila kilichokuwa juu ya ardhi na kukiteremsha ndani ya maji yale yale. Basi kipindupindu kinapozuka, kuna jambo ambalo mfugaji yeyote mwenye jicho la kuchunguza mifugo yake lazima ajiulize. Mbuzi amekunywa maji yale yale, naye anatafuna majani kana kwamba hapana lililotokea. Mtoto amekunywa, na kabla ya jua kutua macho yamemzama, ngozi imesinyaa, na machozi hayatoki hata akilia.

Kwa nini mmoja huanguka na mwingine husalimika? Swali hili liliwasumbua matabibu wakubwa wa dunia kwa muda wa miaka sabini na zaidi, na jibu lake, lilipopatikana, ndilo lililotupatia ile pakiti ndogo ya chumvi na sukari inayogawiwa leo katika zahanati za Dadaab.

Maradhi haya si mageni kwetu. Sisi watu wa Pwani tuliyajua zamani, tena kwa msiba mkubwa. Dakta James Christie, Mskoti aliyekuwa tabibu Unguja, alichapisha mwaka 1876 kitabu kizima juu ya kipindupindu katika Afrika ya Mashariki, akaeleza jinsi ugonjwa wa mwaka 1869 ulivyotoka bara kwa njia za misafara ukafika Pangani, kisha ukavuka bahari na kuua maelfu Unguja. Wimbi la sasa, ambalo wataalamu hulihesabu kuwa la saba duniani, lilianza Indonesia mwaka 1961, likaingia Afrika mwaka 1970, na Kenya ikaandikisha wagonjwa wake wa kwanza mwaka 1971. Tangu hapo limekuwa likiondoka na kurejea. Kambi za Dadaab, zilizofunguliwa mwaka 1991 kwa ajili ya waliokimbia vita Somalia, zilipatwa na mlipuko mkubwa kuanzia Novemba 2015 hadi Juni 2016, na waliougua walipita elfu moja. Mwishoni mwa mwaka 2022, baada ya misimu mitano ya mvua kukosekana, ukazuka tena, ukaenea kambini, Garissa yenyewe, Wajir, Mandera na jirani zetu wa Tana River.

Kiini cha jibu ni hiki: kipindupindu ni maradhi ya binadamu peke yake. Kijidudu chake kina makao mawili tu ya kudumu, yaani maji, hasa maji ya mito inapokutana na bahari, ambako hujishikiza kwenye viumbe vidogo mno visivyoonekana kwa jicho, na utumbo wa mwanadamu. Mbuzi, ng'ombe na ngamia hawaugui kipindupindu. Anayekibeba kutoka bula hadi bula ni mtu, na mara nyingi ni mtu asiyejijua, kwa maana wengi walioambukizwa hawaharishi kabisa, ilhali vijidudu hutoka katika choo chao kwa siku kadhaa. Hii ndiyo sababu ya kutoharakisha kumlaumu mnyama aliyekufa kwa ukame kando ya kisima. Mzoga haufai kuachwa hapo, lakini si mzoga ulioleta kipindupindu.

Sasa tazama tatizo lililowakabili wanasayansi. Ikiwa mnyama haugui, utauchunguzaje ugonjwa? Mwanadamu hawezi kupasuliwa tumbo ili utumbo wake utazamwe unapoharibika. Robert Koch, tabibu wa Kijerumani, alikifuatia kipindupindu hadi Iskandaria mwaka 1883, kisha Kalkuta, na mwanzoni mwa 1884 akatangaza kwamba amekiona kijidudu chenyewe, kimepinda mfano wa alama ya mkato. (Muitaliano Filippo Pacini alikuwa amekiona tangu 1854, lakini hakuna aliyemsikiliza.) Koch aliwalisha wanyama vijidudu hivyo, wakabaki wazima. Wapinzani wake wakamcheka. Mmoja wao, Max von Pettenkofer wa Munich, alikwenda mbali zaidi: mwezi wa Oktoba 1892 alikunywa mbele ya watu mchuzi uliojaa vijidudu hivyo, akapata kuhara kidogo tu, akadai kwamba Koch amekosea. Ilikuwa hoja ya hatari, na tunaweza kusema aliokoka kwa bahati kuliko kwa elimu.

Koch hakukata tamaa. Aliwachukua simbilisi, wale wanyama wadogo wanaofugwa majumbani, akawanywesha kwanza maji ya magadi ili kuivunja asidi ya tumbo inayoua vijidudu, kisha akawapa afyuni ili utumbo usinyweanywee na kuvisukuma nje. Hapo ndipo wakaugua. Lilikuwa jambo la maana, kwa sababu lilionyesha kwamba asidi ya tumbo ni mlinzi, na kwamba mtu aliyedhoofika kwa njaa, ambaye asidi yake ni haba, yumo hatarini zaidi. Anayeijua Garissa ya miaka ya ukame ataelewa mara moja uzito wa jambo hilo.

Lakini simbilisi walipotosha pia, na hapa pana somo ambalo vitabu vingi hulipita upesi. Watafiti waliofuata walichoka na kazi ngumu ya magadi na afyuni, wakaona ni rahisi kumdunga mnyama vijidudu kwa sindano ndani ya tumbo, nje ya utumbo. Mnyama alikufa haraka, nao wakaandika kwamba amekufa kwa kipindupindu. Hakufa kwa kipindupindu. Alikufa kwa sumu iliyoingia damuni, jambo lisilomtokea mgonjwa wa kweli, ambaye kijidudu kinabaki ndani ya utumbo wake wala hakiingii katika damu. Kwa miongo mingi elimu ilikwenda njia hiyo yenye kiza. Ikadhaniwa kwamba ugonjwa unachubua ukuta wa utumbo na kuuharibu, na chanjo za sindano zikatengenezwa na kupimwa kwa panya waliodungwa matumboni. Chanjo hizo zilidungwa mamilioni ya watu, wakiwamo mahujaji na wasafiri waliotakiwa kuonyesha cheti, hadi ilipodhihirika katika miaka ya 1970 kwamba kinga yake ni dhaifu na ya muda mfupi, sharti hilo likaondolewa.

Aliyeirudisha elimu utumboni alikuwa Sambhu Nath De, mwana wa kijiji kimoja cha Bengal, aliyezaliwa mwaka 1915. Alisoma London, akarudi Kalkuta, mji uliokuwa ukizika watu wa kipindupindu kila mwaka. Vifaa vyake vilikuwa vichache. Mwaka 1953, yeye na mwenzake walichapisha jaribio ambalo wepesi wake ungeweza kumfanya mtu alidharau. Walimpa sungura nusukaputi, wakafungua tumbo, wakachagua kipande kifupi cha utumbo mwembamba, wakakifunga kwa uzi wa hariri huku na huku bila kukikata, kikawa kama soseji iliyofungwa ncha zote mbili. Ndani ya kipande hicho wakatia vijidudu hai. Wakalishona tumbo. Siku ya pili walipotazama, kipande kilikuwa kimevimba, kimejaa maji meupe yanayofanana na yale anayoyatoa mgonjwa wa kipindupindu, yale yanayofananishwa na maji ya kuoshea mchele. Vipande vya jirani, visivyotiwa kijidudu, vilikuwa vikavu na salama.

Miaka sita baadaye, mwaka 1959, De akachukua hatua iliyobaki. Alichuja mchuzi waliomokuzwa vijidudu hata pasibaki kijidudu hata kimoja, akatia majimaji hayo matupu ndani ya kipande cha utumbo wa sungura. Kikajaa vile vile. Maana yake ni kwamba kijidudu hakihitaji kuula utumbo wala kuutoboa. Hutema sumu, na sumu hiyo peke yake huziamrisha chembechembe za ukuta wa utumbo kumwaga maji na chumvi bila kikomo. Ukuta wenyewe ni mzima! Ni kama nyumba ambayo bomba lake limefunguliwa na mtu akaondoka na funguo: kuta hazikubomoka, lakini tangi linakauka. Mtu mzima aliyepatwa vibaya anaweza kupoteza lita nzima kwa saa moja, na asipotibiwa huenda akafa siku ile ile.

De alipendekezwa kwa Tuzo ya Nobel na Joshua Lederberg, mwanasayansi mashuhuri wa Marekani, wala hakuipata. Alifariki mwaka 1985, na hata nchini kwake wengi hawakumjua.

Msomaji atauliza: maadamu ukuta ni mzima, mbona mgonjwa akinywa maji hayamsaidii, yanapita tu? Jibu hilo nalo lilitoka kwa wanyama. Mwaka 1960 Robert Crane, aliyekuwa akichunguza utumbo wa wanyama wadogo wa maabara, alieleza kwamba sukari haivuki ukuta wa utumbo peke yake, bali huvuka ikiwa imeshikana mkono na chumvi. Mwaka 1964 wengine wawili, Schultz na Zalusky, wakalithibitisha kwa utumbo wa sungura. Maji nayo hufuata pale chumvi na sukari zinapokwenda. Na sumu ya kipindupindu, pamoja na ubaya wake wote, haiufungi mlango huo. Kwa hivyo maji matupu hupita, chumvi tupu hupita, lakini maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo huingia mwilini hata wakati kuhara kunaendelea. Mwaka 1968 mjini Dhaka, David Nalin na Richard Cash waliwapa wagonjwa wa kipindupindu maji hayo kwa kinywa, na haja ya dripu ikapungua sana.

Kisha ikaja kambi. Mwaka 1971 vita vya Bangladesh viliwasukuma mamilioni ya watu kuingia India, na katika mji wa mpakani wa Bangaon kipindupindu kikawaangukia wakimbizi waliokuwa wamelala juu ya matope. Dakta Dilip Mahalanabis aliishiwa na dripu. Akaamua kufanya lile ambalo wakubwa wengi wa tiba walilikataa: alichanganya gramu 22 za sukari ya glukosi, gramu 3.5 za chumvi na gramu 2.5 za magadi ya kuokea kwa kila lita ya maji, akajaza mapipa, akawaachia jamaa wa wagonjwa, mama, dada, mjomba, wawanyweshe wenyewe kwa vikombe. Miongoni mwa waliotibiwa kwa njia hiyo waliokufa walikuwa kama 3.6 kwa kila mia, ilhali kabla ya hapo walikuwa wakifa kiasi cha 30 kwa kila mia.

Nani asiyeiona Dadaab katika picha ile? Ifo, Dagahaley na Hagadera, watu waliokimbia vita, maji ya foleni, vyoo vinavyotumiwa na kaya nyingi, na mgonjwa anayebebwa usiku. Na nje ya kambi hali si nyepesi zaidi, kwani mfugaji aliyehamia malishoni yumo mwendo wa siku nzima kutoka penye dripu. Huyo hawezi kungojea gari. Tiba yake ya kwanza lazima iwe mikononi mwa mkewe au binti yake, na ianze tangu kuhara kwa kwanza.

Pakiti ya siku hizi ina glukosi, chumvi ya kawaida, chumvi ya potasiamu na sitrati, na huyeyushwa katika lita moja kamili ya maji safi. Ikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu, hutosha kumvusha mgonjwa hadi zahanati. Kipimo kisizidishwe kwa kudhani kwamba utamu au ukali ndio nguvu. Chumvi ikizidi humdhuru mtoto. Anywe kidogo kidogo, kijiko kwa kijiko, na akitapika angojewe dakika kumi kisha aendelee. Kumnyima maji mtoto anayeharisha kwa kudhani kwamba tumbo litakauka ni kumsaidia kijidudu. Mtoto mdogo hupewa pia vidonge vya zinki kwa siku kumi hadi kumi na nne.

Tumefika mahali ambapo moyo wa Muislamu hauwezi kupita kimya. Sungura wa De hawakuchagua kufungwa hariri matumboni. Dini yetu imetufunza kwamba yupo aliyeingia motoni kwa paka aliyemfungia bila chakula, na yupo aliyesamehewa kwa mbwa aliyemnywesha. Haiwi halali, basi, mnyama kuteswa kwa mchezo au kwa jaribio ambalo jibu lake limekwisha julikana. Yafaa kukumbuka kwamba mwaka ule ule wa 1959, Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, walitoa kitabu kilichoweka masharti matatu ambayo maabara za dunia huyafuata hadi leo: asitumiwe mnyama pale penye njia nyingine, watumiwe wachache iwezekanavyo, na maumivu yao yapunguzwe. Hapa Kenya, sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inamtaka anayefanya majaribio kama hayo awe na leseni. Na kuhusu nguruwe, ambaye wengine huuliza habari zake: ni kweli kwamba vitoto vya nguruwe hutumiwa katika maabara za ng'ambo kuchunguza kuhara, kwa kuwa utumbo wao unakaribiana na wetu. Lakini ndani ya pakiti ya chumvi na sukari hamna kitu cha mnyama yeyote.

Tusielewe pia kwamba mifugo haina lawama kabisa katika magonjwa ya tumbo. De mwenyewe, mwaka 1956, alionyesha kwa kipande kile kile cha utumbo wa sungura kwamba aina fulani za kijidudu cha kawaida kiitwacho E. koli hujaza utumbo maji mfano wa kipindupindu. Jamii hiyo ya vijidudu ina aina nyingi, na baadhi yake hukaa kwa amani katika utumbo wa ng'ombe na mbuzi, kisha huleta balaa kwa mtoto. Salmonela na kampilobakta ni hivyo hivyo. Kwa hivyo kutenganisha mahali pa kunyweshea mifugo na mahali pa kutekea maji ya nyumbani, na kuchemsha maziwa, kuna faida yake hata pasipokuwa na kipindupindu.

Bado hatujalijibu sawasawa lile swali la mbuzi. Kwa nini haugui? Sehemu ya jibu ilijitokeza katika miaka ya 1950, pale watafiti walipogundua kwamba sungura mchanga, mwenye siku chache tu, huugua kwa kulishwa kijidudu, ilhali mkubwa hashikwi. Rolf Freter, huko Marekani, aliwapa wanyama wakubwa dawa za kuua bakteria kabla ya kuwalisha, nao wakashikwa. Ikaeleweka kwamba utumbo wa mnyama mkubwa umejaa wenyeji wake, mabilioni ya bakteria wasio na madhara, wasiompisha mgeni. Mchanga hajapata wenyeji hao bado. Baadaye, mwaka 1987, majaribio ya panya wachanga yalionyesha kwamba kijidudu cha kipindupindu kina nyuzi nyembamba za kujishikizia, na kikinyang'anywa nyuzi hizo hakiwezi kukaa. Mwaka uliofuata, watu waliojitolea huko Maryland, chini ya uangalizi wa madaktari, wakathibitisha kwamba ndivyo ilivyo kwa binadamu pia. Uthibitisho huo ulikuwa wa lazima. Panya hakutosha.

Na kuna pengo ambalo wanyama hawa hawajaweza kuliziba. Chanjo ya siku hizi si ya sindano. Ni vijidudu vilivyouawa, vinavyonywewa kwa kinywa ili kinga ijengeke kule kule utumboni, na ndiyo iliyotolewa mwezi wa Februari 2023 katika kaunti za Garissa, Wajir, Tana River na Nairobi. Kwa sababu ya uhaba duniani, mashirika ya afya yalikuwa yamekubaliana tangu Oktoba 2022 kutoa dozi moja badala ya mbili panapozuka ugonjwa. Inawakinga vyema watu wazima, lakini kwa walio chini ya miaka mitano kinga hiyo hufikia takriban nusu tu ya ile ya wakubwa, nao ndio wanaougua zaidi. Panya mchanga hawezi kutueleza sababu. Huugua kwa siku chache za mwanzo wa uhai wake, na kabla chanjo haijapata muda wa kumjengea kinga, umri wake wa kuugua umekwisha pita. Basi watafiti humchanja mama yake, kisha hutazama kama watoto watakingwa. Hivi sasa baadhi yao wanakuza vipande vidogo vya utumbo wa binadamu katika vyombo vya kioo, kutokana na chembechembe za watu waliokubali kuzitoa, wakitumaini kupata njia nyingine.

Chanjo hiyo hutolewa kuanzia umri wa mwaka mmoja. Aliye chini ya hapo hutegemea maziwa ya mama, ambayo humpa kinga kwa kiasi, na ambayo hayakatizwi hata mama mwenyewe anapokuwa amelazwa kwa kipindupindu, maadamu fahamu anazo na mikono yake imeoshwa kwa sabuni.